Oda Isipofika: Namna ya Kuandika Barua ya Malalamiko Itakayosikilizwa

Mkazi wa Sikonge, mkoani Tabora, anapohitaji mashine, kipuri au kifaa kisichopatikana katika maduka ya karibu, njia iliyozoeleka ni moja. Hupiga simu katika duka lililopo Tabora Mjini, Mwanza au Kariakoo jijini Dar es Salaam, hulipa kwa simu ya mkononi, kisha husubiri mzigo ushushwe kwenye basi. Mara nyingi mzigo hufika salama. Wakati mwingine haufiki. Siku zinapita, muuzaji anasema "kesho", na hatimaye simu haipokelewi tena.

Kwa wilaya ambayo wananchi wake wanategemea tumbaku, mahindi, karanga na asali, kucheleweshewa bidhaa si usumbufu mdogo. Mbegu inayofika baada ya mvua za kupandia kupita haina msaada tena kwa msimu huo. Mashine ya kukamua asali inayofika baada ya warinaji kumaliza kazi itakaa stoo hadi msimu mwingine, ilhali fedha iliyoinunua imetokana na michango ya wanakikundi wengi.

Katika hali hiyo, wananchi wengi huishia kulalamika kwa mdomo, kutuma ujumbe wa hasira au kukata tamaa na kuhesabu fedha hiyo kuwa imepotea. Ipo njia bora zaidi, nayo haihitaji gharama kubwa wala elimu ya sheria. Njia hiyo ni barua ya malalamiko iliyoandikwa kwa utaratibu. Barua hiyo huelekezwa kwa muuzaji, lakini inapaswa kuandaliwa kana kwamba itasomwa na mtu wa tatu asiyewafahamu mnunuzi wala muuzaji: Afisa Biashara wa Halmashauri, ofisa wa Tume ya Ushindani au hakimu. Muuzaji anayeona kwamba barua iliyo mezani kwake inaweza kusomwa na watu hao bila maelezo ya ziada huwa na sababu nzuri ya kuijibu.

Haki ya kusikilizwa

Tarehe 15 Machi, 1962 Rais John F. Kennedy wa Marekani alilitumia Bunge la nchi yake ujumbe uliotaja haki nne za mlaji: haki ya usalama, haki ya kupewa taarifa, haki ya kuchagua na haki ya kusikilizwa. Ndiyo sababu Siku ya Kimataifa ya Haki za Mlaji huadhimishwa tarehe 15 Machi ya kila mwaka. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulipitisha Miongozo ya Kumlinda Mlaji, ambayo pamoja na mambo mengine inazitaka nchi ziweke njia za mlaji kupata nafuu anapodhulumiwa.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 ndiyo iliyoanzisha Tume ya Ushindani (FCC), na inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumlaghai mlaji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji kukabidhi bidhaa na mnunuzi kuipokea na kuilipia kwa mujibu wa makubaliano yao. Pale ambapo muuzaji ndiye anayepaswa kutuma bidhaa na hakuna siku iliyopangwa, anatakiwa aitume ndani ya muda unaofaa. Maana yake ni kwamba neno "kesho" lisilokuwa na mwisho halikubaliki kisheria, hata kama wahusika hawakuandikiana tarehe.

Kwa upande wa fidia, Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kufidiwa hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji huo, au hasara ambayo pande zote mbili zilijua wakati wa kukubaliana kwamba ingeweza kutokea. Hasara ya mbali haifidiwi. Kanuni hii ina maana kubwa kwa mkulima na mfugaji nyuki. Mnunuzi aliyemweleza muuzaji tangu mwanzo kwamba mashine inahitajika kabla ya msimu wa kurina ana nguvu zaidi ya kudai hasara ya msimu kuliko yule aliyenyamaza. Sentensi moja katika ujumbe wa kuagiza, ikitaja kazi ya bidhaa na siku inayohitajika, inaweza baadaye kuwa na thamani kubwa.

Funzo kutoka njia ya misafara

Malalamiko ya mizigo isiyofika si mambo mageni Tabora. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, na kila kitambaa, shanga na kilo ya sukari ilibebwa mabegani na wapagazi kwa miezi kadhaa. Aliyeagiza bidhaa kutoka Zanzibar hakuwa na namna ya kujua mzigo wake umefika wapi.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa David Livingstone. Alipofika Ujiji mwezi Oktoba 1871, akiwa mgonjwa na amechoka, alikuta bidhaa alizokuwa ametumiwa kutoka Zanzibar zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzifikisha. Livingstone alimwandikia malalamiko Kaimu Konsuli wa Uingereza Zanzibar, Dkt. John Kirk, ambaye ndiye aliyeratibu upelekaji wa mizigo hiyo. Pamoja na kueleza kilichopotea, alilaumu namna mawakala na wasafirishaji walivyochaguliwa. Kirk aliipokea lawama hiyo kama shambulio dhidi yake binafsi, na mgogoro wa wawili hao, waliowahi kuwa wenzi wa safari, ukafika hadi Uingereza.

Mzigo uliouzwa Ujiji haukurudi. Kilichomwezesha Livingstone kuendelea na safari ni msafara mpya ulioandaliwa na Henry Morton Stanley baada ya kurejea pwani. Livingstone aliusubiri Kwihara, karibu na Tabora, hadi Agosti 1872, na tembe alimoishi sasa ni makumbusho.

Kisa hicho kinabeba mafunzo mawili yanayofaa hadi leo. La kwanza ni kwamba mzigo hupita mikono mingi, hivyo mlalamikaji anapaswa kujua ni mkono upi ulioupokea mara ya mwisho. La pili ni kwamba barua inayochanganya dai la mali na lawama kwa mtu huelekea kujibiwa kwa upande wa lawama, na dai la mali likasahaulika.

Kabla ya kushika kalamu

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuandika chochote, mnunuzi anashauriwa kukusanya vielelezo vyake vyote na kuvipanga kwa tarehe. Vielelezo hivyo ni pamoja na risiti ya kielektroniki (EFD), ambayo muuzaji anawajibika kuitoa na mnunuzi anawajibika kuidai. Ujumbe wa simu unaothibitisha muamala wa malipo. Ankara au orodha ya bei. Na mazungumzo ya WhatsApp au ujumbe mfupi yanayoonyesha bidhaa iliyoagizwa na siku iliyoahidiwa.

Ujumbe wa simu usidharauliwe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa data kuwa ushahidi unaoweza kupokelewa mahakamani. Kwa sababu hiyo, mazungumzo yasifutwe katika simu hata baada ya kuchapishwa, kwani nakala ya karatasi inaweza kuhojiwa na simu yenyewe ikahitajika.

Aidha, mnunuzi ahakikishe mzigo ulikwama wapi. Kwa kawaida, pale ambapo muuzaji ameruhusiwa kutuma bidhaa kwa msafirishaji, sheria huchukulia kuwa kumkabidhi msafirishaji ni sawa na kumkabidhi mnunuzi, isipokuwa kama walikubaliana vinginevyo. Hivyo, swali la kwanza kwa muuzaji liwe: mzigo ulikabidhiwa kwa nani, lini, na stakabadhi ya kuupokea iko wapi? Muuzaji akitoa stakabadhi hiyo, malalamiko yanapaswa kumfikia pia msafirishaji. Akishindwa kuitoa, hilo lenyewe ni jambo la kuandikwa katika barua. Ili kuepuka utata huo, ni vema wakati wa kuagiza pande mbili zikubaliane kwa maandishi kwamba muuzaji anawajibika hadi mzigo ufike Sikonge.

Mambo matano ya lazima

Barua nzuri ya malalamiko haizidi ukurasa mmoja, nayo hujibu maswali matano. Nini kiliagizwa, kwa idadi na aina? Kiasi gani kililipwa, lini na kwa njia gani? Muuzaji aliahidi nini? Nini kimetokea tangu hapo? Na mnunuzi anataka nini, kufikia tarehe gani?

Swali la tano ndilo linalosahaulika zaidi. Barua nyingi hueleza uchungu kwa kirefu na kumalizia kwa maneno kama "naomba mlishughulikie suala hili haraka iwezekanavyo". Muuzaji anayesoma maneno hayo hajui kama anadaiwa bidhaa, fedha au radhi, na "haraka" haina tarehe. Mnunuzi anapaswa kuchagua: aidha anataka bidhaa ileile ifikapo siku fulani, au anataka kurejeshewa fedha yake yote. Anaweza pia kuweka la kwanza kuwa ombi kuu na la pili kuwa mbadala endapo la kwanza litashindikana. Muda wa siku 14 kwa kawaida unatosha, na ni vema tarehe ya mwisho itajwe yenyewe badala ya kumwachia muuzaji kuhesabu siku.

Kama kuna hasara, itajwe kwa kiasi chake na kielelezo chake. Kikundi kilichokodi mashine ya jirani ili kuokoa asali kiambatishe risiti ya ukodishaji huo. Kifungu cha 73 kilichotajwa hapo juu kinazingatia pia njia alizokuwa nazo mlalamikaji za kupunguza hasara, hivyo aliyechukua hatua ana nafasi nzuri kuliko aliyekaa akiangalia asali ikiharibika.

Mfano wa barua

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya kuelekeza. Unahusu kikundi cha wafugaji nyuki kilichoagiza vifaa kutoka duka la Dar es Salaam.

Kikundi cha Wafugaji Nyuki,
S.L.P. ...,
Sikonge, Tabora.
8 Aprili, 2025

Meneja,
(Jina la duka na anuani yake),
Dar es Salaam.

YAH: KUTOLETEWA VIFAA VYA KURINA ASALI VILIVYOLIPIWA TAREHE 3 MACHI, 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 3 Machi, 2025 kikundi chetu kiliagiza kwenu mashine 1 ya kukamua asali kwa Sh. 850,000 na mavazi 6 ya kurinia kwa Sh. 60,000 kila moja. Siku hiyohiyo tulilipa Sh. 1,250,000, ikiwemo Sh. 40,000 ya usafiri, kwa njia ya simu. Katika ujumbe wetu wa siku hiyo tuliwaeleza kuwa vifaa vinahitajika kabla ya msimu wa kurina, nanyi mkathibitisha kwa maandishi kuwa vitafika Sikonge ifikapo tarehe 17 Machi, 2025.

Hadi leo vifaa hivyo havijafika. Tulipowapigia simu tarehe 20 na 28 Machi, tulielezwa kuwa mzigo umetumwa, lakini hatujapewa jina la msafirishaji wala stakabadhi ya mzigo.

Tunaomba mtufikishie vifaa vyote hapa Sikonge kabla au ifikapo tarehe 22 Aprili, 2025. Endapo haitawezekana, tunaomba mturejeshee Sh. 1,250,000 ifikapo tarehe hiyohiyo kupitia namba iliyotumika kulipia.

Iwapo hatutapata jibu, tutawasilisha malalamiko haya katika mamlaka zinazohusika na kuchukua hatua za kisheria. Ni matumaini yetu kuwa hatutalazimika kufika huko.

Tumeambatisha nakala za risiti, uthibitisho wa malipo na mawasiliano yetu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
(Saini)
Katibu wa Kikundi

Barua hiyo haina tusi, haina kisa kirefu, wala haimwiti muuzaji tapeli. Kila sentensi yake ina jambo linaloweza kuthibitishwa kwa karatasi. Mtu asiyekijua kikundi hicho anaweza kuisoma kwa dakika mbili na kuelewa nani anadai nini na kwa msingi gani.

Maneno ya kuepuka

Hasira ya aliyechukuliwa fedha zake inaeleweka, lakini kuiandika kuna gharama. Neno kama "mwizi" au "tapeli" linaweza kumpa muuzaji sababu ya kulalamika yeye, akidai kuchafuliwa jina, na mazungumzo yakahama kutoka kwenye mashine kwenda kwenye heshima. Kwa hiyo, badala ya kuandika "mmetudanganya", ni bora kuandika "mliahidi tarehe 17 Machi, leo ni tarehe 8 Aprili". Tarehe mbili zikiwekwa pamoja hutosha kueleza kilichotokea.

Vitisho visivyotekelezeka navyo viepukwe. Anayeandika kwamba atalifunga duka ilhali hana uwezo huo hudhoofisha hata sehemu ya barua iliyo ya kweli. Chumvi haina nafasi pia. Kama simu ilipigwa mara mbili, iandikwe mara mbili, kwa sababu kosa moja la idadi linatosha kumfanya msomaji atilie shaka yaliyobaki.

Kuifikisha barua

Barua isiyo na uthibitisho wa kupokelewa ni rahisi kukanwa. Mwenye ndugu au mwakilishi katika mji wa muuzaji anaweza kumtuma aipeleke kwa mkono, akiwa na nakala mbili, moja ibaki dukani na nyingine igongwe muhuri au isainiwe na aliyepokea pamoja na tarehe. Aliye mbali anaweza kuituma kwa rejista kupitia Posta na kutunza stakabadhi. Sambamba na hayo, picha ya barua itumwe kwa barua pepe au kwa namba ileile ya WhatsApp iliyotumika kuagiza, kwani hapo itakaa chini ya mazungumzo yanayoithibitisha.

Tangu siku hiyo, mawasiliano yote yawe ya maandishi. Muuzaji akipiga simu na kutoa ahadi mpya, mnunuzi amtumie ujumbe baada ya mazungumzo: "Kama tulivyozungumza leo, umeahidi mzigo utaondoka Ijumaa." Kwa njia hiyo ahadi ya mdomo huingia katika kumbukumbu.

Muuzaji akikaa kimya

Tarehe ya mwisho ikipita bila jibu, jalada tayari lipo, na ndipo faida ya kuandika kwa ajili ya msomaji wa tatu inapoonekana. Hatua ya kwanza iliyo karibu ni Afisa Biashara wa Halmashauri, ambaye anaweza kutoa ushauri na kuelekeza suala linapostahili kwenda. Malalamiko yanayohusu muuzaji aliyempotosha mlaji kuhusu bidhaa, bei au uwezo wake wa kuileta yanaweza kuwasilishwa Tume ya Ushindani. Pale ambapo mzigo ulipotea mikononi mwa kampuni ya vifurushi na vipeto, mdhibiti wa huduma hizo ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Mnunuzi anaweza pia kufungua shauri la madai katika Mahakama ya Mwanzo, ambako mashauri huendeshwa kwa Kiswahili. Kwa madai yatokanayo na mkataba, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa muda wa miaka sita, lakini si busara kusubiri, kwa kuwa simu hupotea na mashahidi huhama. Wananchi wasio na uwezo wa kumlipa wakili wanaweza kuwatumia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Ni muhimu kutofautisha muuzaji aliyechelewa na mtu asiyekuwa na duka kabisa. Pale ambapo aliyepokea fedha alitumia jina la uongo au hakuwahi kuwa na bidhaa aliyoitangaza, barua ya malalamiko haitoshi. Kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, hivyo taarifa ipelekwe Kituo cha Polisi mapema, na namba ya simu inayotumika kutapeli itumwe kwenda 15040. Njia ya kujikinga ni kudai, kabla ya kulipa, jina kamili la muuzaji, mahali duka lilipo na namba ya simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inamtaka muuzaji wa mtandaoni kutoa taarifa hizo, na anayezikataa amekwisha kutoa onyo.

Biashara kati ya Sikonge na miji ya mbali itaendelea kukua kadiri barabara na simu zinavyowafikia wananchi wengi zaidi, na wauzaji walio wengi hutimiza ahadi zao. Kwa yule ambaye mzigo wake haujafika, silaha ya kwanza ni karatasi moja yenye tarehe, kiasi, ahadi na ombi lililo wazi. Ikiandikwa vizuri, huenda muuzaji akaijibu kabla siku 14 hazijaisha. Asipoijibu, mwananchi atakayegonga mlango wa Afisa Biashara au wa mahakama atakuwa na kitu cha kuweka mezani.